Data inatoka Kiringye, lakini hairudi: tunadai mulango na ufunguo

Wazazi, ndugu na dada wa tambarare ya Ruzizi,

Kila mutu wa hapa anajua ile picha. Kijana mwenye gile na telefone anapita nyumba kwa nyumba, anauliza. Muko watu wangapi? Munachota maji wapi? Kuna mutoto aliyeharisha juma hili? Shamba la muchele lilipata maji? Mama anajibu, kijana anabonyeza, anasema asante, anaenda. Wamoja kati yetu tumefanya hiyo kazi na tumelipwa kwa siku. Na mama yuleyule alipotuuliza kisha miezi sita, « majibu iko wapi? », tulikosa cha kusema.

Wengi wanasema ni roho mbaya ya mashirika. Pengine, mara moja moja. Lakini siye tunaona shida ingine: mashine hazizungumzi, na hakuna mutu aliyelazimisha zizungumze. Tunataka kueleza hilo kwa maneno ya kawaida, juu ni jambo la haki, si la mafundi tu.

Mara nyingi fomu zile ziko kwenye KoboToolbox. Takwimu za afya zinaingia katika DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo kule Norwe, ambayo Leta yetu inaitumia kwa nchi nzima. SMS nazo zinapita kwa makampuni ya simu. Kila kitu kiko kwenye sanduku lake. Kuna programu zilizotengenezwa kuunganisha masanduku kama hayo, kama Power Automate ya Microsoft ao n8n. Kazi yao ni hii: kitu kikitokea hapa, fanya kile pale. Fomu ikiingia na neno « mutoni maji yamepanda », SMS inaondoka palepale kwenda kwa mashefu wa vijiji vya chini. Haingoji mutu afungue odinatere asubuhi.

Lakini programu hizo zinajua tu mifumo ambayo imekwisha kutengenezewa konekta. Kama mfumo wako haumo, unatengeneza konekta yako mwenyewe. Konekta ni mukalimani tu. Mama anasema Kifuliiru, munganga anasema Kifaransa, katikati anasimama mutu anayezijua zote mbili. Huyo mukalimani anahitaji mambo matano.

Kwanza, mulango. Mfumo lazima uwe na mulango ambao programu ingine inaweza kupiga hodi kupitia intaneti, kwa njia salama. Mafundi wanauita API. KoboToolbox iko nao, DHIS2 iko nao. Faili ya Excel iliyofungiwa katika odinatere ya ofisi haina. Unaweza kuweka pale ofisini programu ya kupitisha, lakini umeme ukikatika inalala. Na habari ya umeme wa huku munaijua.

Pili, maandishi. Lazima iandikwe mulango unajibu maswali gani, na kwa namna gani. Power Automate, kwa mfano, inakubali maelezo ya OpenAPI ya toleo 2.0, yasiyofika megabaiti 1, ao mukusanyo wa Postman. Bila maandishi fundi anapapasa gizani.

Tatu, ufunguo. Kuna ufunguo wa API, kuna jina na neno la siri, kuna OAuth 2.0, ambamo mwenye mali anatoa ruhusa bila kutoa neno lake la siri, na anaweza kuiondoa siku anayotaka. Hapa njo siasa inaanzia. Ufunguo uko mukononi mwa nani? Mara nyingi uko kwa mutaalamu aliyekuja kwa miezi minane. Mradi ukiisha, anapanda gari, ufunguo unaenda naye. Majibu yetu yanabaki nyuma ya mulango uliofungwa.

Nne, mahali pa kujaribia. Huwezi kujaribu tangazo la mafuriko kwa kuamsha vijiji usiku na habari ya uongo. Mara ya kwanza watu watacheka, mara ya pili watazima telefone, mara ya tatu maji yatakuja kweli. Pia lazima kujua mulango unakubali maombi mangapi kwa dakika, na nani anapata habari konekta ikianguka. Konekta iliyokufa kimya ni mubaya kuliko kutokuwa na konekta, juu watu wanaitegemea.

Tano, mulipaji. Konekta yako mwenyewe ndani ya Power Automate inadai leseni ya kulipia. n8n unaweza kuiweka kwenye seva yako kwa kazi zako za ndani bila kulipa leseni, lakini seva, SMS na fundi wa kuitunza havitoki mbinguni.

Kuna wanaosema: « Munataka kufungua siri za wagonjwa. » Tunakubali hofu hiyo. Code du numérique, ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za mutu binafsi, na siye tunataka ifuatwe. Lakini konekta nzuri haipitishi majina. Inapitisha hesabu: santre fulani, juma fulani, wagonjwa 3 wa kuharisha. Leo hii ni picha za daftari zenye majina ya watu njo zinatembea katika vikundi vya WhatsApp, bila ufunguo wala ruhusa. Hatari gani ni kubwa zaidi?

Wengine wanacheka: « Kiringye haina rezo nzuri, munaota konekta. » Konekta haiishi Kiringye. Inaishi kwenye seva, Bukavu ao popote penye umeme. Kinachofika hapa ni SMS, na SMS inaingia hata kwenye telefone ndogo ya tochi. Tukumbuke Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika Uvira: makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilianguka. Hatusemi SMS inazuia mutoni. Tunasema nusu saa ya kujua mbele inatosha kubeba watoto na kupanda.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kila shirika linalouliza watu wetu liandike, mbele ya fomu ya kwanza, data itarudi kwa mulango gani na nani wa hapa atabaki na ufunguo. Wakubwa wa afya na wa utawala wasipokee mradi wowote wa programu usiokuwa na API na maandishi yake. Na mafunzo ya vijana yasiishie kwa kubonyeza fomu, tufundishwe kuunganisha.

Na siye vijana tuna deni letu. Tuache kugawana neno la siri moja watu kumi. Tuandike kila tunachotengeneza, ili mwenzetu akienda Bujumbura ao Bukavu kutafuta maisha, kazi isife naye. Kodi ya RAM ilipokata inite zetu, watu wa nchi nzima walipiga kelele mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Tulijua kupiga kelele kwa kilichochukuliwa kwenye telefone. Tupige kelele pia kwa kilichochukuliwa midomoni mwa mama zetu.

Yule mama bado anangoja majibu yake.

Vijana wa Kiringye