Msiyasingizie Maghorofa

Kila mwananchi anapolalamika kwamba simu zinakatika Kariakoo, hujibiwa kwamba maghorofa ndiyo yenye hatia. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, na hapo ndipo ilipo hatari yake: linaitumia fizikia kufunika uzembe.

Wimbi litokalo mnarani haliji kwa njia moja. Huakisiwa na kuta, mabati na magari, likaifikia simu katika nakala kadhaa zilizopishana. Vilele vya nakala moja vikiangukia mabonde ya nyingine, hufutana. Katika masafa ya megahezi 900, urefu wa wimbi ni takriban sentimita 33. Kwa hiyo kusogea upana wa kiganja kwaweza kukutoa penye mawimbi ya kutosha na kukutupa shimoni. (Wanaozungukazunguka chumbani wakitafuta mtandao si washirikina.) Nakala iliyozunguka mita 300 zaidi huchelewa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, ikavuruga data inayoifuata.

Lakini nani hakuyajua haya? Waliosanifu GSM miaka ya 1980 waliyapangia: simu zake hukisia mwangwi huo na kuusawazisha. 4G, kwa kawaida, huweka mwanya wa kinga wa takriban sehemu 4.7 za milioni ya sekunde, unaovumilia njia iliyozidi kwa zaidi ya kilometa moja. Tena, antena kadhaa zikitumika pamoja, njia hizo nyingi hugeuzwa kuwa mifereji sambamba ya kupitishia data. Kwa mhandisi makini, ukuta ni mtaji.

Yapo makosa ambayo ghorofa haliwezi kubebeshwa. Antena isiyoinamishwa ipasavyo humwaga mawimbi yake katika eneo la mnara mwingine unaotumia masafa yaleyale. Mnara mmoja hutwishwa soko zima. Huo ni uamuzi wa mipango na fedha, na anayeulipia ni mama muuza vitenge ambaye malipo ya mteja wake yameganda hewani.

Ramani iliyopakwa rangi moja huonyesha mawimbi yalipofika, haisemi kama yanasikika. Mtumishi wa umma anayeletewa ramani hiyo asiigongee muhuri kabla ya kuuliza: uwiano wa mawimbi na muingiliano ni upi, mtaa kwa mtaa, ndani ya majengo, saa kumi jioni? Simu ngapi zilikatika? Majibu hayo yachapishwe, nasi wanafunzi na walimu wao tuyapime.