Mwisho wa Hadisi

Twasikia wazazi wengi wakisema: «Sinema za michoro ni mchezo wa watoto tu, hazina neno.» Tunakataa usemi huo. Hadisi haikuwa mchezo mtupu kwa taifa lo lote, na kuitia rangi na muziki hakuiondolei mafundisho yake.

Mkitaka kujua watu wa nchi fulani wanaheshimu nini, tazameni namna wanavyomaliza hadisi zao. Mwaka 1837 Hans Christian Andersen wa Denmark aliandika habari za binti wa baharini, nusu mtu, nusu samaki. Alitoa ulimi wake kwa mchawi ili apate miguu, kwa kumpenda mwana wa mfalme. Lakini yule kijana akaoa mwingine. Dada zake wakamletea kisu, amwue kijana, apate kurudi kwao mzima. Akakataa kuua. Akajitupa baharini, akawa povu, kisha akaingizwa katika mabinti wa hewa, ili kwa miaka 300 ya kutenda mema apate roho isiyokufa.

Mwaka 1989 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa sinema ya hadisi hiyo hiyo. Humo mchawi anauawa, binti anarudishiwa sauti yake, baba yake anampa miguu, harusi inafungwa. Mdenmark alimwambia mtoto kwamba upendo wa kweli waweza kukosa malipo hapa chini. Mmarekani anamwambia kwamba mwenye kutamani kwa nguvu atapata. Je, hilo ni neno dogo?

Huko Japani nako, mwaka 2013, Isao Takahata alionyesha hadisi ya kale ya mzee mkata mianzi aliyemkuta binti ndani ya mwanzi. Wazee wanamlea, wanapata dhahabu, wanamtafutia mume mkubwa. Mwisho watu wa mwezini wanakuja kumchukua, nao wazee wanabaki wakilia. Mtoto anafundishwa kwamba kizuri hupita, tusikawie kukipenda.

Na sisi je? Katika miaka ya 1950 Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza hapa Kongo sinema za michoro za Mboloko, yule paa mdogo anayewashinda wanyama wakubwa kwa akili. Fundisho letu ndilo hilo: mdogo asidharauliwe. Lakini ujanja wa Mboloko ni kisu chenye makali pande mbili, na kwa hiyo wazee hawakumwacha mtoto peke yake na hadisi. Jioni, penye moto, walimwuliza: «Nani alikuwa na haki?» Mtoto akajibu, akabishiwa, akajifunza kupima.

Simu haiulizi. Inamaliza hadisi moja, inaanza nyingine, na mtoto amekwisha kumeza hukumu za mataifa matatu kabla ya kulala. Hatusemi sinema za wageni zikatazwe; zina mema mengi. Tunamlaumu mzazi anayempa mtoto simu ili anyamaze, kisha analalamika kwamba mtoto hamjui Mboloko. Nani amemsimulia?

Basi, enyi wazazi, ketini karibu na watoto wenu. Sinema ikiisha, waulizeni: nani alikuwa na haki? Na kwetu hadisi hii ingalimalizika namna gani? Mzazi asiyeweza kujibu, na aende kwanza kwa nyanya wa mtoto, akae chini, asikilize.