Mwambao ulikuwa wa nani? Neno himaya na enzi ya Sultani

Kwa Katibu Mtendaji, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), Dar es Salaam

Ndugu Katibu Mtendaji,

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mombasa, na neno moja tu ndilo limenifanya nikuandikie.

Muhula uliopita mwanafunzi aliniletea kitabu chake, kidole gumba kikiwa juu ya ukurasa na cha shahada chini. Juu, Mwambao, yaani pwani ya Kenya, ni "himaya ya Sultani wa Zanzibar". Chini, "himaya ya Uingereza". Mwaka ni uleule, 1895. "Mwalimu, mwenyewe hasa nani?"

Himaya na kuhami ni ndugu. Aliyedai kuhami pwani ni Mwingereza. Sultani alikuwa na kitu kingine: enzi. Kwa hati ya Desemba 1895 Waingereza walikabidhiwa kuuendesha ukanda wa maili 10, wakawa wanamlipa pauni 11,000 kila mwaka. Walilipa kama mpangaji alipavyo kodi, maana mwenye nyumba alijulikana. Bendera yake nyekundu ikapepea kwenye ngome ya Mombasa, maliwali wakabaki, lakini amri zikatoka kwa Mwingereza. Mwaka 1920 bara ikafanywa koloni, sisi wa pwani tukabaki himaya, na nchi ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Mambo yakaendelea hivyo hadi Oktoba 1963, Kenyatta kwa niaba ya Kenya na Mohammed Shamte kwa niaba ya Zanzibar walipotia saini Mwambao uwe sehemu ya Kenya, kwa ahadi kwamba mahakama za kadhi zitalindwa. Zimo hadi leo katika Katiba ya 2010. Kijana anayepita mbele ya mahakama hizo ana haki ya kujua zilikotoka, na hawezi kujua ikiwa Sultani na Mwingereza wote wamevikwa neno moja.

Siku hizi hata dola la Warumi huitwa himaya!

Naomba himaya ibaki kwa ulinzi, na milki itumike kwa madola makubwa. Kwa yule mwenye jina na bendera huku mwingine akitawala chini yake, napendekeza "ukuu wa enzi". Enzi peke yake haitoshi, kwani "enzi za Sultani" msomaji ataelewa ni zama zake. Umwinyi ungefaa, ila sasa ukimwambia mtu ana umwinyi umemtukana kwamba hapendi kazi.

Vitabu vya shule ninavyofundishia nimevitia alama kila penye neno hili. Mkiniita, nitavileta mwenyewe.

Wako katika lugha,
Mwalimu wa historia, Mombasa