Karo Isitusukume kwenye Riba

Mtoto wako ameitwa MKU Thika au Zetech Ruiru na karo huna. HELB wanakopesha kwa riba ya 4% kwa mwaka, na asipolipa anapigwa faini ya Sh5,000 kila mwezi. Ukiikimbia hiyo, unaangukia kwa shailoki wa mtaani. Huyo ndiye balaa!

Ibara ya 32 ya Katiba inasema mtu asinyimwe haki wala huduma kwa sababu ya dini yake. Hatuombi sadaka. Tunadai mkopo usio na riba, na jirani Mkristo wa Makongeni naye aupate.

Na sisi pia, jamani: mchango wa zulia la msikiti hujaa, wa karo watu hupotea. Kwa nini? Mbunge wako wa Thika au Ruiru, umeshamuuliza?