Usiuziwe Digrii ya OT Kama Tiketi ya Ndege

Wiki hii watu sita tofauti wamenitumia video moja. Jamaa amesimama kando ya gari ambalo nina shaka ni lake, anasema ukiwa na digrii yoyote ile, fanya masta ya OT Marekani, miaka miwili tu, halafu dola zianze kuingia. Maoni yamejaa. Vijana wa Nkubu, Chuka, Runyenjes, Embu mjini, wote wanauliza: "Nianzie wapi?" Nimesoma maoni hayo hadi macho yakauma, na sijaona hata mmoja akiuliza OT ni kazi gani.

Basi wacha niseme jambo litakalonipunguzia wafuasi. Huyo jamaa anakuuzia ndege. Digrii yenyewe hajakueleza hata kidogo.

OT, kwa Kiswahili wengine husema tiba kazi, mimi niliijua kupitia shosho yangu. Anaishi upande wa Manyatta, Embu. Alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Hospitali ilimrudisha nyumbani na dawa za presha na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyetuambia mtu wa namna hiyo anavaaje, anakulaje, anaendaje choo. Kwa hiyo tukamfanyia kila kitu. Tukamlisha, tukamvisha, tukambeba. Tulidhani huo ndio upendo, kumbe tulikuwa tunamzika akiwa hai. Aliacha hata kuongea.

Kisha akaja mama mmoja wa OT, mtu wa diploma, si digrii. Hakuja na mashine. Alimuuliza shosho: "Kabla ya hii shida, siku yako ilikuwa inaendaje?" Shosho akasema anachagua njahi, anapukuchua mahindi, anapika chai yake mwenyewe. Basi mama huyo akaanzia hapo. Akamfundisha kuvaa sweta kwa kutanguliza mkono mgonjwa, na kuvua kwa kuuacha uwe wa mwisho. Akaweka kitambaa chenye maji chini ya sahani isiteleze. Fundi wa mtaani akatoboa kiti cha mbao tukakiweka juu ya choo cha shimo. Njahi zikamwagwa kwenye ungo, shosho azichague kwa mkono uleule mbovu, kidogo kidogo kila asubuhi. Miezi ilipita. Siku alipojifunga vifungo vya sweta yeye mwenyewe alitufukuza jikoni, ati tunamsumbua.

Hiyo ndiyo OT. Watu huichanganya na fizio, na ni kweli wanashirikiana. Fizio atahangaika na misuli na viungo mpaka usimame. Wa OT atauliza ukishasimama unataka kufanya nini, halafu apambane na hicho kitu mpaka kiwezekane. Leo ni mzee wa kiharusi. Kesho ni mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hawezi kukaa, anatengenezewa kiti kwa katoni kuukuu na gundi ya unga. Kesho kutwa ni kijana aliyeanguka na boda, mkono umeshonwa, anahitaji splinti na njia ya kurudi kazini. Mwingine ametoka wodi ya akili na anahitaji mpango wa kuanza siku.

Sasa, hiyo masta. Ukienda, tarajia nini? Marekani ilianza kudai masta kwa wanaoingia kwenye taaluma hii mwaka 2007. Mwaka 2017 baraza lao la ithibati, ACOTE, likatangaza kwamba kufikia 2027 itakuwa lazima udaktari. Kelele zikawa nyingi, karo ikiwa mojawapo ya malalamiko, na 2019 wakarudi nyuma: masta inatosha, udaktari ni kwa anayetaka. Kwa hiyo mtu akikuambia lazima ulipie udaktari, anakudanganya.

"Digrii yoyote" pia si kweli hivyo. Vyuo vingi vitataka uwe umesoma anatomia, fiziolojia, saikolojia na takwimu. Kama ulisoma biashara Chuka au Meru, utarudi kwanza kufanya hayo masomo, na kila moja lina bei. Ukishaingia, kuna mishipa ya fahamu, ukuaji wa mtoto, mkono peke yake kama somo zima, afya ya akili, na utafiti. Halafu wiki 24 za mafunzo ya vitendo ya ngazi ya pili, kazi ya siku nzima, na mara nyingi hulipwi. Halafu mtihani wa taifa. Halafu leseni ya jimbo. Hesabu za yule jamaa wa video zinaishia kwenye neno "miaka miwili".

Uingereza pia ina masta ya miaka miwili kwa wenye digrii nyingine, lakini programu lazima iwe imeidhinishwa na HCPC, la sivyo umenunua karatasi.

Najua mtakachosema. "Wewe unataka tukae hapa tuteseke kwa sababu ya shosho yako?" Hapana. Nenda. Mtu ana haki ya kutafuta riziki popote, na wengi waliotoka ndio wanasomesha wadogo zao. Ninachopinga ni kuingia kwenye kazi ya kumfunga mtu vifungo huku hujawahi kujiuliza kama unaweza kukaa na mzee dakika arobaini akihangaika na kifungo kimoja, bila kumpokonya umfungie. Kama huwezi, hakuna dola itakayokusaidia. Utaichukia hiyo kazi, na mgonjwa atajua.

Na kuna jambo lingine linaniuma zaidi. Tunaongea kama OT ilizaliwa kwenye video. Kenya imefundisha watu wa OT tangu 1968, pale chuo cha mafunzo ya tiba Nairobi ambacho leo ni KMTC. Diploma, miaka mitatu. Hao ndio wamebeba hii kazi miaka yote. Shirikisho la dunia la taaluma hii linataka angalau saa 1,000 za vitendo kabla mtu hajahitimu, na halisemi lazima ziwe ng'ambo. Saa hizo zikifanyika Embu na Meru, mwanafunzi atajifunza choo cha shimo, jiko la kuni, njia ya matope na mama anayebeba mtoto wa miaka tisa mgongoni hadi stegi. Zikifanyika kwingine atajifunza bafu lenye bomba la moto. Yote ni elimu. Lakini moja ndiyo ilimrudisha shosho yangu jikoni.

Kwa hiyo kabla hujalipa mtu yeyote shilingi, iwe chuo cha hapa au wakala wa ng'ambo, uliza. Programu imeidhinishwa na nani, na hiyo idhini ni ya mwaka gani? Saa za vitendo ni ngapi, na zinafanyika wapi? Wahitimu wa mwaka jana wako wapi sasa hivi? Nikitaka kurudi Kenya, cheti hiki kitatambuliwa? Wakianza kukuzungusha, ondoka. Na kabla ya hayo yote, nenda kwa mtu wa OT aliye karibu nawe, omba kukaa naye wiki moja. Ni bure.

Swali la mwisho si la mwanafunzi, ni la kaunti. Afya iligatuliwa 2013, na kuajiri wahudumu ni kazi ya kaunti. Jirani yangu ana diploma ya OT na anauza kava za simu mjini Embu, huku watu kama shosho wanarudishwa nyumbani na karatasi ya dawa. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wanabonyeza ile video.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kufikia 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Mimi nitaenda Embu. Nitauliza swali moja: nafasi za OT mwaka huu ni ngapi, na ni za hospitali gani? Nyinyi wa Meru, ulizeni huko kwenu. Mkijibiwa, niandikieni hapa chini tulinganishe.