Kilomita 900 za kunguru

Nimerudi, asanteni kwa pole zenu. Leo sina stori za kantini, nina hasira.

Bibi alipofariki nilienda kuomba ruhusa kwenye ofisi moja (jina nalihifadhi, bado nataka kugraduate). Nikapewa siku tatu. Nikasema, mzee, kwetu ni Usevya, mbele ya Mpanda. Akapekua simu yake: Dar mpaka Mpanda kilomita 900, ndege saa moja na nusu. "Siku tatu zinakutosha na chenji inabaki." Nilikosa la kujibu, ndo najibu hapa.

Hesabu yake siipingi. Kunguru akinyoosha ni 900 kweli. Mimi sio kunguru. Kwa barabara ni kama 1,200, unapita Moro, Dodoma, Manyoni, Tabora, Sikonge. Na ile saa moja na nusu inaanza tairi likiacha lami na kuisha likigusa lami. Haina foleni ya kwenda uwanjani, haina kusubiri siku ya ndege, wala bei ya tiketi unayokata leo usafiri leo, bumu lilishaliwa zamani.

Treni? Ipo. Kile kipande cha Kaliua mpaka Mpanda, kilomita 210, Waingereza walikijenga wakifuata madini ya risasi, sio kutuwahisha msibani. SGR ya 2024 naipenda sana, ila ukishuka Dodoma hujafika hata nusu.

Basi bwana, nikapanda basi Jumanne alfajiri. Mpanda nimeingia Jumatano asubuhi, miguu imevimba. Nikatafuta gari lingine, Sitalike, tukakatiza Hifadhi ya Katavi. Saa nane mchana nafika, kaburi bichi. Baba mdogo akanishika bega: "Tulikusubiri mpaka saa sita, mwanangu." Nililala usiku mmoja tu. Alhamisi nikageuza, Ijumaa niko Dar nimeshapitiliza ruhusa, na tesiti imenipita.

Mwenzangu wa Kibaha naye akifiwa anapewa siku tatu hizohizo. Analia, anazika, analala kwao, anarudi na ndizi. Simuonei wivu, lakini mtuambie usawa uko wapi hapo?

Halafu kuna nyie mnaonitania "panda ndege uende Mpanda". Haya, kwa njia hiyohiyo ya kunguru: Mpanda mpaka Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni kama kilomita 210. Bujumbura 380. Kigali 500. Dar mpaka Nairobi kwenyewe ni 670 tu, na mtu akienda huko mnamuaga kama anahama dunia.

Ninachotaka ni kidogo. Siku za msiba ziwe za msiba, na siku za njia zihesabiwe peke yake, kwa basi. Wa Kibaha apewe zake, wa Mpanda, Kigoma na Sumbawanga nao zao. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukifika, atakayekuja hosteli kuniomba kura nitamuuliza Dar mpaka Mpanda ni siku ngapi. Akitoa simu mfukoni, mlango ule pale.

Ngoja nikambembeleze lekchara wa ile tesiti.