JE, SHAMBA LAKO LINAPUMUA?

Wakulima wenzangu wa Kitui na Makueni, mzee mmoja alinijia ofisini amebeba udongo katika mfuko. Akasema, "Mwanangu, wapelekee wataalamu udongo huu, wanieleze kwa nini mahindi yangu hukauka mapema, ilhali ya jirani yangu yangali mabichi, na mvua yetu ni moja."

Nikamjibu, "Mzee wangu, mfuko huu waweza kueleza rutuba iliyopungua na ukali wa asidi. Lakini kama shamba lako linapumua au halipumui, mfuko hauwezi kusema."

Alishangaa, na labda nawe msomaji washangaa. Mizizi huhitaji hewa kama sisi, nayo hewa hupita katika vitundu vilivyo baina ya chembe za udongo. Vitundu hivyo hivyo ndivyo vipitishavyo maji ya mvua kwenda chini. Udongo ukichotwa kwa jembe, vitundu huvurugika; ni sawa na kuivunja nyumba, kisha kumpelekea fundi matofali ili apime milango.

Kwa hiyo wapimaji hupigilia ardhini pete ya chuma, aghalabu yenye kuchukua udongo wa sentimita za ujazo 100, wakautoa mzima. Katika maabara huutia kwanza unyevu wa kiasi kijulikanacho, maana vitundu vikijaa maji hewa haipati njia. Kisha husukuma hewa kwa nguvu ndogo upande mmoja, wakapima kiasi kipitacho kwa kila dakika. Pakiwa na ufa kando ya pete, hewa hutoroka hapo na hesabu huwa ya uongo. Wala pete moja haitoshi, kwa kuwa tundu lenye upana maradufu hupitisha hewa mara 16. Njia moja ya mchwa yaweza kubadili jibu lote.

Udongo wetu mwingi mwekundu, upigwapo na mvua kubwa, hufanya gamba juu. Plau nayo, ikipita kila mwaka kwa kina kile kile, huacha tabaka gumu chini. Basi mvua ya Oktoba hadi Desemba, iliyo tegemeo letu, hukimbilia mtoni, na mizizi hubaki juu juu.

Nilikwenda na mzee shambani. Tulipigilia ardhini kopo lililotolewa kitako, tukalitia maji. Katikati ya shamba maji yalisimama. Kwenye ukingo wa tuta wenye majani yalinywewa upesi. Hiyo si hesabu ya maabara, lakini njia ya maji ndiyo njia ya hewa. Mzee alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe ni ng'ombe wangu, niwaachao humu kila baada ya mavuno."

Najua mabua ni chakula cha mifugo. Basi wakatie sehemu wakale zizini, na sehemu ibaki ifunike udongo. Rudisha samadi. Usilime tope. Tabaka gumu livunje wakati wa kiangazi. Na kabla ya mvua ijayo, jaribu kopo hilo shambani mwako.